Sura ya Sita: Maka, Jicho la Wahawaii

Mtu akifungua kamusi ya Kihawaii kwa mara ya kwanza, swali moja humjia kabla hajamaliza ukurasa: neno moja linawezaje kubeba mambo yote haya, na watu bado wakaelewana? Chukua neno maka. Kamusi inasema ni jicho. Mstari unaofuata unasema ni uso. Halafu ni ncha ya mkuki, makali ya kisu, tundu la wavu, chipukizi la mmea, chuchu ya mama, mwanzo wa jambo, mtu umpendaye. Msomaji hufunga kamusi akiamini kwamba ama mtunzi amechanganya mambo, ama lugha yenyewe ina upungufu wa maneno.

Hakuna kilichochanganywa wala kilichopungua. Ukilifuata neno hilo moja hatua kwa hatua, utakuta linapita katika majina ya malkia, nyota, mwaka, rasi na rafiki, na kila mahali limeacha alama ya namna Wahawaii walivyouona ulimwengu wao.

Wengi wetu huku Afrika Mashariki tuliisikia Hawaii kupitia Barack Obama, aliyezaliwa Honolulu mwaka 1961 kwa baba Mkenya. Leo Hawaii ni jimbo la Marekani, la 50 na la mwisho kuingia, mwaka 1959. Lakini mpaka mwaka 1893 ilikuwa ufalme wenye bendera, bunge na magazeti yake, na Kihawaii kilitumika ikuluni, mahakamani na shambani. Lugha hiyo ni ndugu wa karibu wa Kimaori, Kitahiti na Kisamoa, na ina udugu wa mbali na Kimalei na hata Kimalagasi, kinachosemwa na jirani zetu wa Madagaska.

Kwanza, sauti

Kihawaii kina irabu tano kama zetu, a, e, i, o, u, na konsonanti nane tu. Saba utazitambua mara moja: h, k, l, m, n, p, w. Ya nane huandikwa kwa alama ndogo ʻ inayoitwa ʻokina. Ni sauti ya kukata pumzi kooni kwa nukta moja, kisha kuiachia. Hiyo ni konsonanti kamili, si pambo la mwandishi. Ukiiacha, neno linageuka jingine. Kuna pia kistari juu ya irabu, ā au ō, kiitwacho kahakō, kinachokuambia uirefushe irabu hiyo.

Jambo jingine la kukumbuka ni hili. Katika historia ya Kihawaii, t ya kale iligeuka k, na k ya kale ikageuka ʻokina. Ndiyo maana Wamaori, Wasamoa na Watahiti wanaita jicho mata, na Wahawaii wanaita maka. Kwa Kimalei pia ni mata, na jua linaitwa matahari, yaani jicho la siku. Ukijua badiliko hilo moja la sauti, unaweza kulitambua neno hili katika visiwa vilivyotengana kwa maelfu ya kilomita za maji.

Jicho lenyewe na vinavyolizunguka

Tuanze na mwili. Maneno mengi ya sehemu za jicho yanaungwa kwa kuweka maka kando ya neno jingine la kawaida, na ukishajua sehemu mbili unaielewa ya tatu:

- waimaka, machozi: wai ni maji yasiyo ya chumvi, kwa hiyo ni maji ya jicho
- lihilihi, kope. Neno hilohilo hutaja ukingo wa kitu
- kuʻemaka, nyusi
- ʻōnohi, mboni na kiini cha jicho. Pia kiini cha kitu chochote, na pia kipande cha upinde wa mvua kinachoonekana peke yake angani
- makapō, upofu au asiyeona: pō ni usiku, giza
- makaaniani, miwani: aniani ni kioo
- makakiʻi, barakoa ya sanaa au ngoma: kiʻi ni sanamu au picha
- piapia, tongo

Angalia makaaniani. Miwani iliingia visiwani na wageni, lakini Wahawaii hawakulibeba jina la kigeni. Walikuwa na neno la kioo na neno la jicho, wakayaunganisha. Dirisha nalo likawa puka aniani, tundu la kioo. Lugha yenye sauti chache haikushindwa na vitu hivyo vipya.

Vitendo vya jicho navyo vina maneno yake. ʻImo ni kupepesa, na nyota inayometameta inafanya ʻimoʻimo, yaani inapepesa na kupepesa. ʻĀwihi ni kukonyeza. Kiʻei ni kuchungulia, kama mtoto anayechungulia nyuma ya mlango aone wageni waliokuja.

Kutoka jicho hadi mwanzo

Sasa turudi kwenye lile swali. Jicho limefikaje kwenye ncha ya mkuki?

Fikiria jicho kama sehemu ya mbele kabisa, ile inayotangulia na kuelekea kitu. Ncha ndiyo inayotangulia katika mkuki. Makali ndiyo yanayotangulia katika kisu. Chuchu ndiyo ncha ya titi, nayo inaitwa maka waiū, maka ya maziwa. Chipukizi ndilo linalotangulia katika tawi. Na katika jambo lolote, kinachotangulia ni mwanzo. Kwa hiyo Mhawaii anayesema maka kwa maana ya mwanzo hajatoka nje ya njia. Amefuata njia ileile mpaka mwisho wake.

Hapo ndipo linapozaliwa mojawapo ya maneno yanayotumika zaidi katika lugha nzima: hoʻomaka, kuanza. Hoʻo ni kiambishi cha kusababisha, kinachofanya kazi ya -isha na -esha ya Kiswahili. Hoʻomaka basi ni kulifanya jambo liwe na maka. Mwalimu darasani husema E hoʻomaka kākou, tuanze sote. Mtu anayeanza upya baada ya kuvunjika moyo ana makahou, hou ikiwa ni mpya. Mtoto wa kwanza kuzaliwa ni makahiapo. Mji wa Makawao, kwenye mteremko wa Haleakalā katika kisiwa cha Maui, jina lake linaelezwa kuwa ni mwanzo wa msitu, kwa kuwa hapo ndipo ukanda wa wao, msitu wa juu, ulipoanzia.

Kuna maka nyingine ya mvuvi. Tundu moja la wavu ni maka. Mvuvi wa Pemba au Lamu hatashangaa, kwa sababu naye husema macho ya wavu, na anajua kuwa macho madogo hukamata hata vifaranga vya samaki. Tuliweke neno hili akilini. Tutalihitaji tutakapofika kwenye nyota.

Kwa ufupi: maka haina maana kumi zilizorundikwa ovyo. Ina wazo moja, la kilicho mbele na kinachoelekea, na maana nyingine zimechipuka hapo. Msikilizaji haichanganyi kwa sababu maneno ya jirani yanamwambia ni maka ipi: ikiwa kando ya maziwa ni chuchu, ikiwa kando ya wavu ni tundu, ikifuata hoʻo ni kuanza.

Malkia aliyepewa jina la macho yanayouma

Tarehe 2 Septemba 1838 alizaliwa Honolulu mtoto wa kike wa ukoo wa machifu. Wakati huo mwanamke mwenye mamlaka makubwa zaidi nchini alikuwa Kīnaʻu, mwenye cheo cha kuhina nui, aliyetawala pamoja na mfalme. Kīnaʻu alikuwa anaumwa macho. Kwa desturi ya Wahawaii, jina la mtoto wa kichifu lingeweza kuhifadhi tukio lililompata mkubwa wa ukoo siku zile. Naye Kīnaʻu akampa mtoto majina manne: Liliʻu, kuwasha kwa uchungu, Loloku, kulia machozi, Walania, maumivu yanayounguza, na Kamakaʻeha.

Tulifungue hilo la mwisho. Ka ni kibainishi, kinachofanya kazi karibu na ile au yule. Maka ni jicho. ʻEha ni kuuma. Jicho liumalo.

Msomaji wa Kiswahili mwenye shangazi aitwaye Shida, mjomba aitwaye Mashaka au jirani aitwaye Tabu hahitaji kufafanuliwa zaidi. Jina halimtakii mtoto mabaya. Linaweka kumbukumbu ya siku aliyokuja duniani, ili kila anayeliita aulize, na akiuliza ahadithiwe. Kīnaʻu alifariki mwezi Aprili 1839, mtoto hajafikisha mwaka, lakini macho yake yaliyouma yakabaki katika jina la mtoto huyo.

Alibatizwa Lydia, akaitwa Lydia Kamakaʻeha. Alikua akawa mtunzi wa nyimbo, na mwaka 1878 akatunga Aloha ʻOe, wimbo wa kuagana ambao leo unapigwa duniani kote. Mwaka 1877, kaka yake Mfalme Kalākaua alipomtangaza kuwa mrithi wa kiti, jina lilipanuliwa likawa Liliʻuokalani. Lani ni mbingu, na pia ni chifu mkuu. Ile liliʻu ya mwaka 1838, mwasho wa macho ya Kīnaʻu, ikabaki palepale, sasa ikiwa mwasho wa mtukufu wa mbinguni. Kwa jina hilo alitawazwa mwaka 1891.

Januari 17, 1893 kundi la wafanyabiashara na wanasheria, wengi wao wa asili ya Marekani na Ulaya, lilimpindua huku askari wa meli ya kivita ya Marekani wakiwa wameteremshwa Honolulu. Mwaka 1895 alifungiwa katika chumba kimoja cha ikulu yake mwenyewe, ʻIolani. Mwaka 1896 serikali iliyochukua nafasi yake ikapitisha sheria iliyofanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote. Watoto walioongea Kihawaii shuleni waliadhibiwa, na wazazi wengi wakaacha kuwasemesha watoto wao lugha ya nyumbani. Malkia mwenyewe, mwaka 1897, alichapisha tafsiri yake ya Kumulipo, utenzi mrefu wa kale unaosimulia asili ya viumbe na ukoo wa wafalme. Alifariki Novemba 11, 1917.

Mimi naamini kwamba ukilielewa jina hili moja la malkia umeelewa mengi kuhusu Kihawaii. Kwenye vitabu vingi vya historia jina lake limeachwa bila kufafanuliwa, kana kwamba ni mlio mzuri tu. Ni sentensi, na ndani yake mna mgonjwa.

Jina jingine la jicho umewahi kulisikia bila kujua. Yule mwimbaji mwenye sauti laini na ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne, aliyeuimba ule wimbo maarufu wa upinde wa mvua unaopigwa kwenye harusi na mazishi mpaka leo, aliitwa Israel Kamakawiwoʻole. Aliishi kati ya mwaka 1959 na 1997. Ka maka wiwo ʻole: jicho lisilo na woga, au uso wa kijasiri. ʻOle ni pasipo, wiwo ni woga.

Macho madogo ya mbinguni

Wazee wa pwani yetu walikuwa na kundi la nyota waliloliita Kilimia, kutokana na kulima, kwa maana kuzama na kuchomoza kwake kuliwaonyesha majira ya mvua na kazi ya shamba. Wahawaii wanazitazama nyota hizohizo na kuziita Makaliʻi.

Liʻi ni dogo, kwa hiyo wengi hueleza jina hilo kuwa macho madogo, na ukizitazama usiku usio na mwezi utaona kwa nini: vinukta sita au saba vilivyosongamana, vinapepesa. Wamaori wa Nyuzilandi wanaziita Matariki. Pitisha jina hilo katika ule mlango wa sauti tuliouona mwanzoni, t iwe k, r iwe l, k iwe ʻokina, na utapata Makaliʻi bila kuongeza wala kupunguza. Kwa Wamaori maelezo yanayopendwa ni macho ya ariki, yaani ya chifu, na tangu mwaka 2022 kuchomoza kwa Matariki ni sikukuu ya taifa Nyuzilandi.

Kwa Wahawaii wa kale, Makaliʻi zilipoonekana zikichomoza mashariki wakati jua linazama, kati ya Oktoba na Novemba, msimu uliingia. Msimu huo uliitwa Makahiki, na ulidumu karibu miezi minne. Ulikuwa wa Lono, mungu wa mvua, kilimo na amani. Vita vilikatazwa. Sanamu ya Lono ilizungushwa kisiwa kizima, na kila eneo lilitoa mazao na bidhaa zake kuwa sadaka na kodi. Kisha watu walicheza: ngumi, mbio, kuteleza mlimani juu ya vibao, ngoma ya hula. Kapteni James Cook wa Uingereza alitia nanga katika ghuba ya Kealakekua Januari 1779, Makahiki ikiwa inaelekea ukingoni, na mwezi uliofuata aliuawa hapohapo.

Kuhusu jina Makahiki, maelezo yanayotolewa mara nyingi ni maka pamoja na hiki, kufika au kuchomoza. Watahiti nao wana matahiti, mwaka. Leo makahiki ni neno la kawaida la mwaka. Januari mosi Wahawaii husalimiana Hauʻoli Makahiki Hou, heri ya mwaka mpya, na wanaotamka hivyo wanataja jicho na kuchomoza pasipo kufikiri.

Sasa ule wavu. Makaliʻi ni jina la nyota, lakini pia ni jina la mtu wa hadithi, bwana wa chakula. Husimuliwa kwamba alikusanya vyakula vyote vya nchi katika wavu akautundika juu mbinguni, watu wakabaki na njaa. Panya akapanda, akatafuna kamba, chakula kikamwagika duniani. Na mwishoni mwa Makahiki kulikuwa na tambiko la wavu: wavu wenye macho makubwa ulijazwa vyakula vya kila aina, viazi, magimbi (taro), nazi, ndizi, nyama ya nguruwe. Watu wanne waliunyanyua kwa pembe zake nne, kuhani akaomba, kisha wakautikisa kwa nguvu. Chakula kikidondoka chote, mwaka ungekuwa wa shibe. Kikinasa kwenye macho ya wavu, njaa inakuja. Macho ya angani yaliufungua msimu, na macho ya wavu yakatoa hukumu yake. Kwa Mhawaii yote mawili ni maka.

Juu ya Mauna Kea, mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 4,200 kutoka usawa wa bahari, Wajapani wana darubini kubwa iliyoanza kutazama mbingu mwaka 1999, yenye kioo cha upana wa mita 8.2. Inaitwa Subaru. Ndilo jina la Kijapani la nyota hizihizi, na ndilo lililobandikwa kwenye magari tunayoyaona barabarani Nairobi kila siku. Kwa hiyo jicho kubwa la kioo katika ardhi ya Hawaii limepewa, kwa lugha nyingine, jina la macho madogo ya Wahawaii.

Kuona ni kujua

Neno ʻike kwa Kihawaii ni kuona. Pia ni kujua. Hakuna mpaka. Ukisema nina ʻike juu ya kalo, ile taro inayopondwa kuwa poi, chakula kikuu cha Wahawaii, unasema nimeona na najua. Ukiiongezea kile kiambishi cha kusababisha unapata hōʻike, kuonyesha, kutoa ushahidi, na pia maonyesho ambayo shule za hula hufanya ili wanafunzi wathibitishe walichojifunza. Mtihani na onyesho vinaitwa kwa neno moja, kwa sababu vyote viwili ni kumfanya mwingine aone. Mtu mwenye karama ya kuona yajayo au yaliyofichika ana ʻike pāpālua, kuona kuwili.

Nānā ni kutazama, na pia kutunza. Mama anayemnānā mtoto anamwangalia kwa maana zote mbili tunazozijua sisi tunapomwambia jirani, niangalizie mtoto. Malezi ya kale yalisimama hapo. Mtoto hakuhimizwa kuuliza maswali. Aliagizwa macho yatazame, masikio yasikie, mdomo ukae kimya. Ujuzi wa kuchonga mtumbwi, kutega samaki au kusuka mkeka uliingia kwanza kwa jicho, mikono ikafuata.

Aliyefuzu utazamaji aliitwa kilo. Kilo hōkū ni mtazama nyota. Kilo iʻa alikaa juu ya jabali akitazama rangi ya maji ili kuwaelekeza wenye mitumbwi lilipo kundi la samaki. Kitongoji cha Makakilo, kisiwani Oʻahu, jina lake ni macho yanayochunguza. Upande wa pili wa kisiwa, mashariki kabisa, kuna rasi ya Makapuʻu, jicho lililotokeza. Huko Wamarekani waliwasha mnara wa taa Oktoba 1, 1909, na lenzi yake, yenye urefu unaozidi mita tatu na nusu, ndiyo kubwa kuliko ya mnara wowote wa taa nchini Marekani. Jina la mahali lilikuwa limetangulia zamani.

Makaʻala ni mtu mwangalifu asiyelala. Kiswahili kinasema vivyo hivyo: kaa macho. Mākaʻi ni mlinzi, na leo ni polisi. Ukilikariri unapata mākaʻikaʻi, kutembelea mahali na kujionea. Makahehi ni kustaajabia kitu mpaka ukakitamani.

Na kuna makawalu, macho manane. Nane hapa si hesabu. Ni wingi usiohesabika. Jambo la makawalu linatazamwa kutoka pande zote. Taasisi ya Edith Kanakaʻole ya kisiwa cha Hawaii imelichukua neno hilo katika mbinu yake ya kusoma maumbile, Papakū Makawalu, ambapo anga, ardhi na viumbe hutazamwa kwa pamoja badala ya kila somo kufungiwa darasa lake.

Jicho na watu

Makamaka, maka mara mbili, ni rafiki wa ndani. Kamusi kubwa ya Mary Kawena Pukui na Samuel Elbert, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1957, inamweleza kuwa ni yule mnayepeana na kupokeana bila kuhesabiana. Makahilahila ni mwenye haya usoni. Makakoa ni mwenye uso mkavu wa kishujaa, koa ikiwa ni askari na ushujaa.

Mvua nyepesi ikinyesha siku ya mazishi au ya tukio kubwa huitwa waimaka o ka lani, machozi ya mbingu, na waombolezaji huipokea kuwa mbingu nazo zinalia pamoja nao. Na katika dua za kumwombea mtu maisha marefu kuna neno la kupendeza sana: aishi mpaka haumakaʻiole. ʻIole ni panya. Dua inamwombea afike umri ambao kope zimelegea na macho yamekuwa mekundu yenye majimaji kama ya panya. Lugha nyingi huuficha uzee zinapoubariki. Dua hii inauangalia usoni na kuuita neema.

Si kila "maka" ni jicho

Hapa lazima nikutahadharishe, kwa sababu utamu wa neno hili umewaponza wengi. Ukifika Honolulu utasikia makai kila saa. Si jicho, ni ma kai, upande wa baharini, kama vile mauka, ma uka, ni upande wa milimani. Makani ni upepo. Makana ni zawadi. Makua ni mzazi. Make ni kufa. Na maka inayomaanisha kibichi, kama samaki mbichi, iʻa maka, ni neno jingine lililofanana tu kwa sauti.

Makaʻāinana, wananchi wa kawaida, ndilo gumu zaidi. ʻĀina ni ardhi, na leo wengi wanapenda kulifasiri kuwa macho ya ardhi, wale wanaoitazama na kuitunza nchi. Ni tafsiri nzuri na ina nguvu katika harakati za kutetea ardhi. Lakini neno lenyewe ni la kale kuliko Hawaii. Watu wa visiwa vingine vya Polinesia walikuwa na ndugu zake, na lilihusu kundi la ukoo. Mimi ningelisoma kwa maana yake ya watu wa nchi, na ile tafsiri ya macho nikaiheshimu kama usomaji wa leo.

Kosa baya zaidi hutokana na kuiacha ile alama ndogo. Makau, bila ʻokina, ni ndoana. Makaʻu, yenye ʻokina, ni woga. Mwanahistoria mkuu wa Hawaii wa karne ya 19, Samuel Kamakau, aliyeishi kati ya 1815 na 1876, ana ndoana katika jina lake. Mwongezee ʻokina kwa bahati mbaya na umemwita mwoga.

Baada ya ile sheria ya 1896 lugha yenyewe ilififia, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto waliokuwa wakikizungumza Kihawaii tangu nyumbani hawakufika 50, wengi wao wa kisiwa kidogo cha Niʻihau. Katiba ya jimbo ilikuwa imekifanya lugha rasmi mwaka 1978, na mwaka 1984 ikafunguliwa kisiwani Kauaʻi shule ya kwanza ya chekechea ya Pūnana Leo, kiota cha lugha, ambamo mtoto husikia Kihawaii tu kuanzia asubuhi. Leo kuna waliosoma kwa Kihawaii kutoka chekechea hadi chuo kikuu. Walipigania kila neno, na walipigania pia kila ʻokina.

Kwa hiyo nina ombi kwa wahariri wa magazeti, redio na vitabu vya Kiswahili. Sisi tunajua tofauti ya ngoa, ambayo ni wivu, na ng'oa, ambayo ni kung'oa mti. Hatukubali mtu atufutie ile alama. Mnapoandika Liliʻuokalani, Makaliʻi, Kamakawiwoʻole au Hawaiʻi katika majina ya wenyewe, iwekeni ʻokina mahali pake.